Dawa Iliyolala na Barafu

Kuna mwanamke ana duka pale kona, karibu na bomba la maji, hapa Kaloleni. Jina lake silitaji, na usidhani ni heshima. Likikaa mdomoni mwangu nitatema mate. Wacha tumuite Mama Duka.

Yeye huongea hivi: "Maaaama, Bwana asifiwe Mama, umeamkaje Mama, Mungu ni mwema Mama." Sauti inavutwa kama chingamu. Kuiga watu nimeanza nikiwa mtoto, shule sikuenda, hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Siku moja nilisimama nje ya duka nikaita kwa sauti yake, bwanake akaitikia kutoka ndani, "Nakuja, mpenzi." Nikaenda zangu. Wakati huo ilikuwa mchezo tu, hatukuwa na neno.

Mimi naishi na mjukuu wangu. Ana ugonjwa wa sukari tangu akiwa mdogo, ile ya mwili kukataa kabisa kutengeneza insulini yake. Sasa ni mwanamke mzima, anashona yunifomu za shule kwa cherehani hapo dirishani. Zamani alikuwa anajidunga sindano kila akitaka kula. Halafu shangazi yake aliye ng'ambo akamtumia pampu, na dawa yake. Hiyo pampu ni kitu kama kasimu kadogo, anakabana kwa mshipi. Kana mrija mwembamba unaingia chini ya ngozi ya tumbo, insulini inatiririka pole pole mchana na usiku. Kakiwa na shida kanalia: titi, titi, titi. Mara ya kwanza kalilia kanisani. Pasta akanyamaza, akaangalia watu, akasema kwa ile sauti yake ya tumboni, "Mwenye simu, aizime." Mjukuu wangu akasimama. "Hii nikizima, pasta, utanizika."

Sista wa kliniki ndiye alimfundisha kuitunza, na mimi nilikuwa nimekaa hapo. Huyo sista huongea kama mtu anafukuza kuku kwa shamba. "Osha mikono! Toa mapovu kwa mrija! Ukibadilisha, hama mahali, usitoboe palepale! Ukioga vua, ukitoka rudisha! Usikae bila! Dawa yake ni ya haraka, haiachi akiba mwilini. Ikikatika, masaa machache tu, uko chini!" Nyumbani nikawa nafanya hiyo sauti kila asubuhi, mjukuu wangu anacheka anashika mbavu. "Shosho, wacha, nitang'oa mrija!" Lakini alikuwa anafanya yote. Usafi wa huyo msichana kwa hako kamashine, hata mtoto mchanga haoshwi hivyo.

Shida ilikuwa joto. Ile insulini ya akiba inataka baridi, na sisi friji hatuna. Miezi ya baridi tulikuwa tunaiweka kwa chungu ndani ya chungu, mchanga wenye maji katikati, inakaa poa. Lakini jua la Januari likishika hizi nyumba, hata chungu kinatoa jasho. Mama Duka akasikia. "Maaaama, na mimi niko? Si ulete kwangu. Friji yangu ni baridi kama mochari."

Nikampelekea kwa mkono huu, kila chupa kwa kaboksi kake, zote kwa mfuko mmoja wa nailoni. Nikamwambia, weka chini na soda. Usiweke juu kwa friza. Hii kitu ikiganda imekufa. Akasema, "Nimeelewa, Mama." Nikamwambia tena. Akasema, "Mama, kwani mimi ni mtoto?"

Shika hapo. Aliambiwa, tena mara mbili.

Jumamosi moja mjukuu wangu akachukua chupa mpya dukani, akajaza pampu. Jumapili tukitoka kanisani akasema ana kiu. Akajitoboa kidole, sukari iko juu. Akaongeza dawa kwa pampu, akangoja. Ikapanda zaidi. Akaangalia mrija, haujapinda. Pampu hailii, inasema kila kitu kiko sawa. Akang'oa mrija, akaweka mpya, akahama kutoka kushoto kwenda kulia. Akajaza tena, kutoka kwa ile ile chupa. Hapo ndipo tulipopotea. Tulibadilisha kila kitu isipokuwa dawa.

Alipopima mkojo, kakaratasi kakawa zambarau. Alijua maana yake na mimi nilijua: sumu imeanza kujaa damuni. Akaanza kutapika. Pumzi yake ilikuwa inanuka kama ndizi zimeiva zikapitiliza. Jirani mwenye gari akatukimbiza hospitali, mimi nimeshika kichwa chake kwa mapaja, kizito, kizito, kama si yeye.

Wakamwekea maji ya mshipa na insulini yao. Sista wa zamu akanigeukia. "Mama, mngekawia kidogo mngeleta maiti. Hiyo dawa mliiweka wapi?" Nikapiga simu dukani hapo hapo.

"Maaaama! Kwa jina la Yesu, haijawahi kutoka chini. Ningeweza kukufanyia hivyo?"

Kaapa. Basi wakaanza kutafuta kwingine. Pengine mrija. Pengine ana homa. Pengine alikula kitu hataki kusema. Na mjukuu wangu, midomo imekauka kama ganda, akaniambia, "Shosho, labda ni mimi. Labda nimekosea kujaza." Alikuwa analia bila machozi, maana maji yote yalikuwa yameisha mwilini. Hilo ndilo sijamsamehe yule mwanamke. Kumgonjwesha ni moja. Kumwacha ajilaumu ni lingine, na hilo la pili linaniwasha mpaka leo.

Alipoanza kupata nafuu nikaenda dukani kuchukua chupa zilizobaki. Akanipa mfuko haraka, hakuniangalia. Nyumbani nikatoa maboksi kwa mfuko, nikayapindua. Chini yalikuwa mekundu na yananata.

Hapa kwetu kila mtoto anajua hiyo rangi. Mama Duka anauza barafu, ile juisi nyekundu imefungwa kwa nailoni ndefu, watoto wanainyonya mpaka midomo inakuwa kama wamekunywa damu. Na barafu inakaa mahali pamoja tu kwa friji. Juu.

Sikupiga kelele. Kelele wanapiga watu wenye aibu. Nikangoja saa ya jioni, ile saa kila mtu amekuja kununua maziwa na mkate, nikapindua kreti ya soda, nikakaa mbele ya duka. Nikaanza: "Maaaama, leta kwangu Mama, friji yangu ni baridi kama mochari. Nimeelewa Mama. Kwa jina la Yesu haijatoka chini Mama." Mtu akauliza, shosho, ni nini? Nikamwonyesha boksi. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Watoto wakashika ile sauti, wakawa wanaimba wakiruka kamba. Wateja wakawa wanamwambia, "Nipe maziwa, lakini isiwe imelala na barafu." Mzee mmoja anayekaa nyuma ya ukumbi wa mtaa, naye alikuwa anaweka insulini yake kwa friji hiyo, akaja akatoa yake, akaenda kuitupa. Bwanake akatoka nje kunifukuza. Nikamwitikia kwa sauti ya mkewe, "Nakuja, mpenzi." Umati ukaanguka kwa kicheko. Akarudi ndani.

Mjukuu wangu akatoka hospitali, amerudi kwa sindano na insulini ya hospitali, ambayo si ya pampu. Zile chupa za shangazi yake zilikuwa mezani. "Shosho, sawa, zililala juu. Lakini hizi zote ziliganda au ile moja? Nikijua, naweza rudi kwa pampu. Shangazi atakaa sana kabla apate mtu wa kuzibeba tena."

Jibu alikuwa nalo mtu mmoja. Na huyo mtu akaja mwenyewe, kilemba kichwani, amebeba mkate na pakiti ya sukari.

"Umemletea mgonjwa wa sukari, sukari," nikamwambia.

"Mama, si ndiyo desturi ya kuona mgonjwa?"

"Keti."

Akaketi. Akaangalia pampu iko mezani, imezimwa, mrija umekunjwa. "Mama, nakuomba wacha kuniiga. Watoto wangu wanachekwa shuleni."

"Nakuomba wacha kuniiga Maaaama," nikasema.

Mjukuu wangu akanikata. "Shosho, basi. Mama Duka, mimi nataka kitu kimoja. Ziliganda ngapi?"

Akalia kwanza. Wakilia kwanza ujue kweli iko karibu. Akasema kulikuwa na oda ya soda ya harusi, chini kukajaa. Akaisukuma dawa juu, akasahau. Alipoikuta imekuwa jiwe akaitoa kwa boksi, akaiweka kwa beseni la maji ya moto mpaka ikayeyuka, akairudisha chini. "Lakini ni zile mbili tu zilizokuwa juu mfukoni," akasema. "Hizi zingine hazikuganda. Haki ya Mungu."

Mjukuu wangu akainua chupa moja, akaiweka kwa mwanga wa dirisha. Safi kama maji ya chemchemi. Nyingine hivyo hivyo. Hata ile iliyotaka kumuua ilikuwa safi hivyo, sista alishatuambia macho hayawezi kujua. Akaniangalia. Alikuwa anataka sana kuamini, niliona. Pampu ilimpa usingizi, ilimpa kula na wenzake bila kujificha nyuma ya mlango na sindano.

"Yeye ndiye aliapa kwa simu," nikamwambia. "Hicho kiapo chake utakiweka tumboni?"

Akairudisha chupa mezani. Halafu akang'oa vifuniko vya chupa kwa ncha ya mkasi wa kushonea, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani. "Mwaga," akamwambia Mama Duka.

"Mimi?"

"Wewe."

Nikaleta beseni. Akamwaga, nyingine inamwagikia vidoleni. Insulini ina harufu yake, kali, kama ya plasta mpya ya hospitali, na ikishika ngozi haitoki upesi. Nyumba yote ikanuka. Alipomaliza ya mwisho akainua mikono yake, akainusa, uso ukakunjamana.

"Mama, naomba sabuni ninawe."

Sabuni ilikuwa nyuma yangu, mche mzima, nilikuwa nimeufunika kwa kanga.

"Imeisha," nikamwambia. "Nenda hivyo."