Bwana Mifugo Kaachiwa Paka

Juzi Kilosa foleni ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa ndefu, mkia wake uko Mikumi. Mbele yangu bibi mmoja wa Kikaguru akatoa kitoto cha paka kwenye khanga.

"Shikamoo bibi," akasema bwana mifugo, Msukuma. "Huyu mdogo. Mlete akifikisha miezi mitatu."

"Marahaba. Kwetu kuna mbwa ana kichaa. Atafika hiyo miezi?"

"Dawa ndivyo ilivyo, bibi."

"Basi kaa naye wewe, mtani wangu. Anakunywa maziwa."

Bibi akamtumbukiza kwenye mfuko wa koti la mtumba la bwana mifugo, huyoo akaondoka. Kwa utani wa Wakaguru na Wasukuma, hapo hukatai. Mimi niliyewahi kumkodolea simba mpaka akaona aibu, kwa bibi huyo nilinywea.

Bwana mifugo akaukumbatia mfuko, akatufokea: "Nyamazisheni mbwa wenu, mtaniamshia mtoto!"