Makofi ya Mkutano wa Mtaa

Vyumba vya kupanga vilipoadimika hapa Dodoma, kila aliyepandishiwa kodi alitafuta wa kumlaumu. Mimi niliwalaumu wageni. Kwenye mkutano wa mtaa nilimwachia mkoba jirani yangu, dada mshonaji wa chumba cha mkabala, nikasimama na kusema kwamba wanaovuka mpaka kuja kugombania vyumba vyetu warudishwe kwao. Nikishaanza kusema sina breki. Nilipigiwa makofi mengi, na niliyafurahia, sitadanganya.

Siku ya tatu mama mwenye nyumba alinijia na mjumbe. Wapangaji wenzetu, wengi wao waliohamia na ofisi zao kutoka Dar, walikuwa wamenisikia nikiongea na simu lugha ya kugongagonga ulimi, wakaamua nimetoka nje ya nchi. Nilikuwa naongea Kisandawe na mama yangu aliyeko Chemba, mkoa huu huu wa Dodoma! Hasira zilinipanda. Waliofika juzi ndio wananiuliza mimi kwetu wapi?

Mjumbe alitaka kitambulisho cha taifa. Kilikuwa bado hakijatoka. Nilikuwa na namba tu.

"Mwanangu, Jumamosi uhame," alisema mama mwenye nyumba. "Sitaki kesi."

Mshonaji akaweka mkasi chini, akatoka. "Shikamoo, mjumbe. Huyu ni mwenyeji, mama yake nimemshonea gauni. Mgeni ni mimi. Ni Mrundi, na vibali vyangu hivi hapa."

Sote tulidhani ni wa Kigoma. Mjumbe alisoma vibali, akasema havina tatizo, akaondoka. Mama mwenye nyumba hakutaka kusikia.

"Basi Jumamosi uhame wewe. Kodi yako imeisha."

Jumamosi alihama kweli. Tulibeba cherehani yake, tukavuka ukumbi, tukaiweka chumbani kwangu. Mama mwenye nyumba alipofoka, nilimwonyesha mkataba wangu: nimelipa miezi sita, na hakuna mahali palipoandikwa nilale peke yangu. Alisonya, akaenda zake.

Tulipokaa kupumzika, nilimwomba radhi kwa yale niliyosema mkutanoni. Nilimwambia nimeona aibu, na kweli niliona.

"Yameisha, dada," alisema. "Hata mimi nilikupigia makofi. Niliuweka mkoba wako chini kwanza, nikapiga kwa mikono yote miwili, maana watu walikuwa wananiangalia."