Landrova Iliyotunzwa Mpaka Ikafa

Tobia Shekalaghe alikuwa mtu wa kutunza vitu. Baiskeli aliyoinunua kabla ya Uhuru ilikuwa bado inang'aa kama ya dukani, na viatu vyake vya kanisani alivibeba mkononi mpaka mlangoni pa kanisa ndipo akavivaa, na ibada ikiisha akarudi nyumbani navyo mkononi. Watu wa kijiji chao, juu ya Mlola, walimpenda kwa tabia hiyo. Vijiji vya ujamaa vilipoundwa na ikatakiwa achaguliwe mwenyekiti, hawakukuna vichwa. Walisema apewe Tobia, maana kitu cha watu wote hakitapotea mikononi mwake.

Mwaka wa sabini na mbili kijiji kikapewa Landrova. Kilikuwa kimeongoza kwa matuta ya kuzuia mmomonyoko na kwa shamba la pamoja la viazi, na zawadi ikapanda kutoka Lushoto imefungwa vitambaa vya rangi ya bendera. Mchungaji akaomba, shehe akasoma dua, akina mama wakapiga vigelegele. Mgeni rasmi alimkabidhi Tobia funguo akamwambia kwamba hii ni mali ya umma. Maneno yale yalimwingia Tobia kama kiapo.

Miezi ya kwanza gari lilitembea. Mussa, kijana aliyewahi kuendesha lori la chai, alilishusha Lushoto na kabichi, likarudi na mbegu na chumvi. Kisha siku moja ya utelezi likakwaruzwa ubavuni na jiwe. Mkwaruzo wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi, lakini ulimkosesha Tobia usingizi. Akamwambia Mussa walipumzishe gari mpaka masika yaishe. Masika yakaisha, vuli ikaingia, na sababu nyingine ikapatikana. Mussa akachoka kungoja, akateremka Mombo kutafuta kazi. Gari likabaki katika banda la mawe lililoachwa na mlowezi mmoja wa Kijerumani.

Si kwamba alilitupa. Kila Jumamosi alifungua banda, akalifuta vumbi, akavipaka viti mafuta ya nazi visipasuke. Wageni wa wilayani wakija aliwapeleka kuliona, nao walisema hawajapata kuona gari la kijiji lililo safi namna ile. Injini hakuiwasha. Petroli ni ya wote, alisema, haifai kuchomwa bure. Mzee mmoja alipovunjika mguu, watoto wake walikuja kuomba gari. Tobia akawatafutia wabebaji hodari badala yake. Liacheni likae, aliwaambia, siku ya haja yenyewe litatuokoa. Nao walikubali. Baadaye ndilo jambo lililomtafuna kuliko yote. Hakuwalazimisha, walikubali kwa sababu walimwamini.

Siku ya haja ilifika katikati ya masika ya mwaka wa sabini na sita. Yunis, mke wa Yohane, jirani yake Tobia, alikuwa na uchungu tangu jana yake. Mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe hospitali Lushoto. Yohane alikuja asubuhi, na kabla hajamaliza kueleza Tobia alikuwa ameshachukua funguo. Dorkasi, mkewe Tobia, alisema baadaye kwamba siku nyingi hakuwa amemwona mumewe na furaha kama ile. Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Mwanamke alikuwa anateseka, naye alikimbilia bandani kama mtu anayekwenda harusini.

Yunis akalazwa nyuma. Mwalimu Rubeni, aliyekuwa na leseni, akazungusha ufunguo. Kimya. Akatia hendeli, chuma cha kuzungushia injini, kwa mbele, akaiegemea kwa uzito wake wote, isizunguke. Wanaume wakaja kusukuma. Magurudumu yalikuwa yameshika. Gari likaburuzika kwenye matope hatua chache likagoma. Yohane akasema basi, wamtie mama kwenye machela waondoke.

"Subirini kidogo," Tobia alisema. "Hili ni zima. Hili ni jipya."

Wakasubiri, maana aliyesema ni mwenyekiti. Wakasukuma tena, wakaliinua kwa magogo, wakamimina maji moto kwenye injini kwa ushauri wa mtu asiyejua lolote, na mvua inawanyeshea. Kila walipoacha, Tobia aliwaambia bado kidogo tu. Hatimaye sauti ya Yunis ikatoka ndani, ndogo, haina hasira.

"Nishusheni."

Wakamshusha, wakambeba kwa miguu. Tobia, pamoja na umri wake, alishika mti wa machela, wala hakuna aliyemwambia aachie. Walifika Lushoto mchana umekwenda. Yunis alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa amekufa. Daktari hakusema kama asubuhi ile iliyopotea ingebadilisha kitu, na Tobia hakuthubutu kuuliza.

Alingoja kulaumiwa. Mazishini Yohane alimpa mkono kama alivyompa kila mtu. Wiki chache baadaye alikutana na Yunis kisimani. Yunis akatua ndoo, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

Tobia akaitikia marahaba bila kumtazama. Alitamani Yunis amtukane. Tusi angelipokea na kwenda nalo nyumbani. Heshima ile hakujua aiweke wapi.

Ndipo aliposhuka Mombo kutafuta fundi. Alielekezwa kwa Omari, mtu mnene mwenye maneno machache, aliyekuwa akitengeneza malori ya mkonge. Omari akauliza gari limekuwaje. Limekaa, Tobia akajibu. Omari akataka kujua limekaa muda gani.

"Kidogo," alisema, na papo hapo akajichukia.

Omari alipanda na mkoba wake wa spana, na watu wakakusanyika bandani. Akaingia, akatazama saa ya maili, akaona imehesabu maili chache mno, akaigonga kwa kidole akidhani imekufa. Akatazama pedali, mpira wake haujalika hata ncha. Akasema hajaelewa, gari hili halijafanya kazi.

Tobia aliona macho yote yamemgeukia, au alidhani hivyo. "Limekaa miaka minne," alisema. "Nililifungia mimi. Kule Mombo nilikudanganya."

Omari akaitikia kwa kichwa, akafungua boneti.

Panya walikuwa wamejenga kwenye chujio la hewa, wamelijaza maganda ya mahindi, na nyaya wamezitafuna. Betri ilikuwa imevimba. Petroli iliyofunguliwa kutoka tangini ilikuwa nyekundu, inanuka kama rangi iliyooza. Breki zilikuwa zimeganda kwa kutu, na ndizo zilizoshika magurudumu siku ile. Omari alitoa plagi, akamimina mafuta laini kwenye silinda, akasema yaachwe yapenye polepole, kulazimisha kutavunja kitu. Tobia aliomba apewe kazi iliyo chafu zaidi. Akalala chali chini ya gari akikwangua kutu, inamwangukia usoni, na kutoka pale aliona miguu tu ya watu waliokuja kutazama. Walizungumza kwa sauti ya chini, kama kwenye msiba. Alitamani wacheke.

Mafuta yalipopenya na betri mpya ilipopandishwa na basi, Omari akataka mtu wa hendeli. Aliyejitokeza alikuwa Yohane. Hakumtazama Tobia. Alivua koti tu, akashika chuma. Mara ya kwanza kikagoma. Kisha kikazunguka, kizito, kikazunguka tena, injini ikakohoa, ikatapika moshi mweusi banda zima, ikaunguruma. Watu walipiga makofi. Tobia alitoka, akakaa chini nyuma ya ukuta wa mawe. Lililomshinda si moshi, ni wepesi wa kazi yenyewe. Kumbe gari lilitaka kutembezwa tu.

Katika mkutano wa kijiji aliomba aondolewe uenyekiti. Mzee mmoja alimtetea, akasema Tobia hakuiba hata senti, na wengine wakaitikia kwamba ni kweli, hakuiba. Tobia alikaa akitazama chini mpaka wamalize kumsifu, akaomba tena. Wakamchagua Rubeni. Mussa akarudishwa, na Landrova ikawa inashuka Lushoto kila siku ya soko, ikiwa na mzigo au haina. Baada ya muda ilipinda bampa, ikapasuka kiti, ikanuka kuku. Wagonjwa walipanda, wengi wakapona.

Mwaka uliofuata Yunis alishika mimba tena. Rubeni alimtumia salamu kwamba gari liko tayari wakati wowote. Alishukuru, na mimba ilipokuwa kubwa akatembea taratibu kwa miguu yake hadi Lushoto, akakaa kwa dada yake Jenoveva mpaka akajifungua mtoto wa kike. Alirudi kwa miguu vilevile, mtoto mgongoni. Ndani ya gari lile hakukanyaga tena, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Tobia alipopata habari alimwambia Dorkasi kwamba sasa atakwenda kwake, akamwombe radhi. Alikuwa ameshavaa koti.

Dorkasi alikuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa. "Ukienda atakusamehe," alisema. "Wewe ni mkubwa kwake, atafanyaje? Mwache mwenzio akae na lake."

Tobia akavua koti. Hakwenda. Siku mtoto yule alipobatizwa alikaa benchi la nyuma kabisa, na wimbo wa mwisho ulipoanza alitoka kabla ya wengine, akapita nyuma ya shule, ili Yunis asilazimike kumwamkia.