Migomba Iliyolala ya Bi Mosi

Jua bado halijauvuka mlima. Bi Mosi Sufiani anashusha mkungu wa ndizi begani, anaulaza juu ya majani, kisha anaurudia mgomba uliouzaa. Anaupiga panga shinani, unaanguka. Badala ya kuutupa korongoni, anaulaza ukikingama mteremko na kuubana kwa vigingi.

"Umezaa, sasa pumzika hapo uwashikie wanao udongo," anauambia.

Bi Mosi, mwenye miaka hamsini na miwili, ni mkulima wa ndizi katika milima iliyo juu ya Mlali, Morogoro. Shamba lake limesimama kama ukuta. Mgeni hupanda kwa kushikashika majani.

Hakuanzia hapa. Alilima na mumewe bondeni, kwenye ardhi ya ukoo wa mume. Mume alipofariki, ardhi ilirudi kwa watoto wa dada wa marehemu, maana kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Basi naye akarudi kwa ukoo wa mama yake.

"Sikumlaumu mtu. Desturi iliyonitoa kule ndiyo iliyonipokea huku," anasema.

Mjomba wake, Mzee Ahmadi, alimpa kipande hiki kwa sharti: udongo ukiporomoka, kipande atapewa mtu mwingine. Masika ya kwanza ukaporomoka. Bi Mosi alikuwa amepanda kwa mistari ya kushuka, kama alivyozoea bondeni, na maji yakapita humo kama yamechongewa njia.

"Nikamwendea. 'Shikamoo mjomba. Niongeze msimu mmoja tu.' Akanijibu, 'Marahaba. Mmoja, Mosi, kama jina lako. Wa pili usinidai.'"

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, alikwenda kutazama hasara. Akakuta mgomba ulioangushwa na upepo, umelala kukingama mteremko. Nyuma yake udongo mweusi umejaa, na chipukizi limesimama wima.

"Nikasema, Subhanallah! Kilichoanguka ndicho kilichoshika shamba. Na mimi mjane nalia nimekwisha, nimekwishaje?"

Akapanda upya, safu zikiuzunguka mlima, kila safu ikikingwa na migomba iliyolala. Jirani yake, Devotha, alimcheka: "Mosi, umeitandikia migomba vitanda? Bado neti!"

"Ikiomba shuka nitakuja kwako," alimjibu.

Masika yakaja, yakapita, udongo ukabaki. Mzee Ahmadi alipanda polepole, akachomeka fimbo yake katikati ya safu. Ikazama. Akainua mkono kuelekea kipande cha juu zaidi, akasema, "Na kile chukua."

Siku hizi Devotha naye analaza migomba yake. Hacheki tena.

Kipande cha juu Bi Mosi anakiandaa kwa ajili ya bintiye Faraja, anayeuza nguo Morogoro Mjini. Anataka kipandwe kabla ya masika yajayo, na Faraja apande kwa mkono wake mwenyewe.

Faraja alikuja kukiona. "Mama, huku hata mbuzi anaogopa!"

"Mbuzi hana ukoo wa kulisha," mama yake akamjibu, akimkabidhi jembe. "Wewe unao."