Ubao Uliooshwa kwa Sabuni

Marrigje Visscher alisafisha shule ya msingi ya Zwartsluis, mji mdogo wa Uholanzi, kwa miaka thelathini na moja, akalipwa kila mwezi, na siku aliyostaafu akauweka ufagio chini akasema basi. Nyumbani kwake halipwi, kwa hiyo nyumbani hasafishi. Maneno hayo aliyasema mbele ya mwalimu mkuu na mchungaji, mdomo umejaa keki, katika mji ambao watu wake wanaamini kwamba dirisha lenye vumbi ni nusu ya safari ya kwenda motoni.

Aliyeyashika zaidi maneno hayo ni wifi yake, Jentien, dada wa Harm mume wake. Jentien alikuwa akipiga deki hadi njia ya umma iliyo mbele ya mlango wake, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Mvua ikinyesha alishika mwavuli kwa mkono mmoja na brashi kwa mkono wa pili. Kwake yeye, Marrigje hakuwa mtu bali msiba uliomfika kaka yake.

Tena msiba wenyewe haukuwa na pa kutokea. Marrigje alizaliwa ndani ya tishari la kubeba mchanga, mahali fulani katikati ya mfereji, na baba yake alipata shida hata kuamua amwandikishe mji gani. Alipoolewa nchi kavu, ukoo wa Harm ulimpokea kwa adabu zote, yaani ulimwonyesha mahali pa kuvulia viatu.

Kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi ilipokaribia, wanawake wa ukoo ule walikusanyika jikoni kwa Mama Femmigje, mama mkwe wake, kuoka spekulasi. Hizo ni biskuti za siagi, sukari nyeusi, mdalasini, karafuu, iliki, kungumanga na pilipili nyeupe kidogo: viungo ambavyo mababu wa watu hawa walivifuata ng'ambo kwa merikebu na mizinga, wakarudi navyo, wakavitia kwenye unga, kisha wakasema ndiyo ladha ya kwetu tangu enzi. Shughuli yote ilizunguka ubao mmoja wa mti wa peasi, wenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Katika ubao huo fundi wa zamani alichonga kwa kuingiza ndani umbo la Askofu Nikolasi juu ya farasi, na kofia yake ndefu, na fimbo yake iliyopinda juu. Unakandamiza kinyunga humo, unakata kilichozidi, unageuza ubao, unaugonga ukingo wake mezani, na Askofu anadondoka tayari kuokwa. Akipenda.

Kwa miaka arobaini Marrigje hakuruhusiwa kuugusa. Aliketishwa pembeni mwa meza, akapewa bakuli la lozi amenye.

Mama Femmigje alifariki majira ya machipuko. Siku mbili kabla ya kukata kauli aliwaita wote kitandani akasema kuhusu ule ubao: apewe atakayemtoa Askofu mzima, awe binti, awe mke wa mwana. Jentien alilia, kisha akaubeba ubao kwake siku hiyohiyo, kuutunza tu, alisema, mpaka msimu wa kuoka ufike. Ulipofika msimu, alikuwa ameshanunua kopo la vanishi na ndoano ya shaba.

"Nitaupaka ung'ae, niutundike ukumbini karibu na saa," alimwambia Harm. "Hautaingia unga tena. Kitu kizuri kama kile."

Harm alilifikisha neno hilo nyumbani akiwa ameinama juu ya baiskeli ya mtu aliyoletewa kutengeneza, akizungusha gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote.  Jumatano Marrigje alikanda kinyunga chake, akakifunga vizuri, akakiweka kwenye banda la baiskeli kwa sababu ya baridi, na akakisahau huko hadi Jumamosi.

Jumamosi mchana walikutana jikoni kwa Jentien. Mwamuzi alikuwa Mjomba Lubbert, kaka wa marehemu, miaka themanini na tatu, aliyefungua na kufunga milango ya mfereji maisha yake yote. Jentien alimimina kahawa, akafungua kopo la biskuti, kila mtu akachukua moja, kopo likafungwa. Mjomba Lubbert alibaki akikitazama kile kifuniko kama mtu anayeangalia meli yake ikiondoka.

"Kila mmoja mara tatu," akasema. "Ninataka kichwa, fimbo na miguu minne. Ya farasi."

"Kinyunga chako kimekaa wapi, wifi?" Jentien akauliza, akikiangalia kifurushi cha Marrigje bila kukikaribia.

"Bandani."

"Na matairi?"

"Yalikuwa yanapakana tu."

"Changu nimekikanda leo asubuhi. Sipendi bakuli lilale jikoni."

Jentien alianza. Alikandamiza, akakata, akageuza, akagonga. Askofu alitoka bila kichwa, na kichwa kikabaki ndani ya ubao kinatabasamu. Mara ya pili kichwa kilitoka, lakini mkono na fimbo vikakataa katakata. Mara ya tatu alimwaga unga wa ngano kwa viganja viwili, na kilichodondoka mezani hakikuwa na uso, na farasi wake alikuwa na miguu miwili na nusu.

"Huyu kapigwa na nani?" Mjomba Lubbert akauliza.

"Hali ya hewa, mjomba. Kuna unyevu."

"Tunakaa kwenye kinamasi, binti yangu. Unyevu upo tangu Nuhu."

Ubao ukamfikia Marrigje. Aliupokea kwa mikono miwili, maana hakuwa ameushika hata siku moja, akauleta puani. Ulinuka ndimu. Alipitisha kidole kwenye kofia ya Askofu, akahisi nyuzi za mti zimesimama kama manyoya ya paka aliyeloa.

"Wifi, umeuosha huu?"

"Nimeuosha, ndiyo. Maji ya moto, sabuni ya kijani, na mswaki kwenye pembe zote. Ungeuona weusi uliotoka."

"Nilikuwa nauona kila mwaka. Ile ni siagi ya miaka mia na thelathini."

"Ni uchafu."

"Sasa uchafu umeondoka, na Askofu hatoki."

Harm alikohoa. Jentien alikunja kitambaa cha vyombo mara nne na kukilaza mezani sawasawa na ukingo. Hata hivyo alikuwa na hakika: kama ubao haukumtii yeye, utamtiije mtoto wa tishari? Na wote wakishindwa ubao unabaki ulipo. Kopo la vanishi lilikuwa pale dirishani, limeshafunguliwa.

Marrigje alijaribu mara ya kwanza. Kinyunga chake kilikuwa kigumu na baridi, kikatoka vizuri hadi shingoni, halafu kofia ikanasa.

"Moja," Jentien akahesabu.

Hapo Marrigje akaketi. Aliketi pembeni mwa meza, bila kufikiri, pale makalio yake yalipozoea. Mbele yake palikuwa na bakuli la lozi, na mikono ikaanza kumenya yenyewe. Ndipo akamwona tena Mama Femmigje akipita nyuma ya kiti chake, kila mwaka, akichota lozi mbili tatu zilizomenywa na kuondoka nazo. Ukoo mzima ulidhani anazila. Lakini Mama Femmigje hakuwa na jino la kutafuna lozi. Alizisaga kwa kidole gumba juu ya ubao, akisugua mpaka mti ung'ae, na waliokuwa upande wa pili wa meza wakipima sukari na kusengenya hawakuwahi kuona. Aliyeketi pembeni tu ndiye aliyeona, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Aliponda kiganja cha lozi kwa kitako cha kikombe, akazifunga ndani ya leso, akaanza kusugua. Mafuta yakatoka. Nyuzi za mti zikalala moja baada ya nyingine.

"Mnaona anachofanya?" Jentien akasema. "Leso, jamani. Ya pua."

"Ya pua ni ile nyingine," Marrigje akamjibu.

Kwenye pembe ya chini, karibu na kwato ya nyuma ya farasi, aliona utando mweupe: sabuni iliyoganda, na chini yake unga wa miaka isiyohesabika. Alichomoa pini kichwani akauchokoa taratibu. Kisha akatoa mfukoni soksi iliyofungwa fundo, imejaa unga wa mchele, akaipigapiga juu ya ubao. Vumbi jembamba likashuka kila mahali kama ukungu.

"Hiyo ni soksi ya Harm?"

"Ya Harm."

"Imefuliwa?"

"Mwaka huu, ndiyo."

Akakandamiza. Akakata. Akageuza. Jikoni hakuna aliyepumua, hata Mjomba Lubbert ambaye kupumua kwake husikika mtaa wa pili. Marrigje akagonga ukingo mara moja, si kwa nguvu, kama mtu anayebisha mlango wa jirani.

Askofu akalala mezani. Mjomba Lubbert akavaa miwani, akahesabu kwa kidole: kichwa, kofia, fimbo na mkunjo wake, miguu minne, mkia. Kidole kikasimama kwenye kwato ya nyuma.

"Na hiki ni nini?"

Wote wakainama. Alikuwa mbwa mdogo kuliko ukucha, ameinua mguu, anakojolea kwato ya farasi wa Mtakatifu Nikolasi kwa utulivu mkubwa. Fundi alimchonga, ukoo ukamziba, na watu wanne wenye akili zao walikuwa wakimwona sasa kwa mara ya kwanza.

"Dada aliniambia kuna mbwa," Mjomba Lubbert akasema, mabega yakimtikisika. "Hospitalini. Nikadhani ni homa."

Harm alianza kucheka, na Harm akicheka hajui kunyamaza. Jentien alimkazia macho mbwa yule kwa muda mrefu. Alikuwa amepitisha mswaki juu yake mara tatu.

"Ubao wako, wifi," akasema hatimaye, na ilionekana kila neno limetoka kwa kugongwa. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Mtoe mwingine nione."

Marrigje akamtoa mwingine. Akatoa wa tatu, na wa nne. Kufikia saa kumi na moja tanuri lilikuwa limeoka maaskofu kumi na tisa, wote na vichwa vyao, wote na mbwa wao, na harufu ya karafuu ilikuwa imetoka hadi barabarani. Majirani wawili waliingia bila kuvua viatu na Jentien hakugeuza hata kichwa, alikuwa ameshika saa akihesabu dakika za trei iliyofuata, unga wa mchele umemjaa kwenye nyusi.

Jioni Marrigje aliufuta ubao kwa kiganja, akauingiza ndani ya koti, akafunga vifungo vyote. Harm alitaka wakate njia ya mkato. Yeye akashika ile ndefu ya kando ya mfereji, ipitayo mbele ya madirisha mengi, akatembea taratibu, kichwa juu, kifua mbele, kwani kwa ubao ule asingeweza kuinama hata angetaka.