Shimo ya Patron ku Daraja ya Bungulu

Siku moja haijanitoka mu kichwa mpaka leo, mutoto wangu: siku nilipiga magoti mbele ya batu, na suruali yangu ya bei, juu ya daraja ya mbao kule Bungulu, mu Beni. Batu banacheka. Na mimi, mutu mukubwa wa mbao, ubao moja unanishinda.

Acha kwanza nikuambie mimi ni nani, maana ninyi vijana munapita mbele ya nyumba yangu munafikiri niliikuta imesimama. Shule niliiacha mapema. Nilitoka mu pori ya Kasugho na musumeno ku bega, na leo ukiuliza Butembo ni nani iko na dépôt, ghala ya mbao yenye haikosi kitu, hata mutoto mudogo atakuonyesha. Nyumba yangu iko na étage, gorofa ya juu. Camion zangu za kubeba mbao zinapanda na kushuka kati ya Butembo na Beni, na bote bananiita Patron. Sijisifu, ni vile iko.

Musumeno nilifundishwa kule Kasugho na Noko, ndugu mukubwa wa mama yangu. Wakati ule hakukuwa mashini. Tulikuwa tunapandisha gogo juu ya miti yenye tumesimika, Noko anasimama juu, mimi chini, yeye anavuta, mimi ninavuta, unga wa mbao unaniingia mu macho. Na Noko alikuwa na tabia moja. Mbele ya kuanza ubao, alisema kwa sauti ni ya nani. "Hii ni mulango ya Mama Katungu. Vuta!" "Hii ni kitanda ya ule kijana mwenye anaoa. Vuta!" Kama hakujua ni ya nani, hakuanza. Alikaa chini mpaka mutu amuambie. Mimi niliona anapoteza wakati bure. Nilijisemea: siku nitakuwa na yangu, nitapasua tu, batu batajijua.

Na nilipasua, mutoto wangu! Nilipasua mpaka nikakuwa Patron.

Mais nyuma ya kumaliza étage, kitu kikaniingia. Asubuhi nafika bureau, nakaa ku kiti, bafanyakazi bamekwisha kufanya kila kitu. Mbao zinaingia, mbao zinatoka, mimi sizigusi. Chakula ikapoteza ladha. Bibi yangu Kavira akanipeleka kwa munganga. Munganga akanipima, akasema niko muzima kumushinda yeye. Basi nikamuambia Kavira: ninauza dépôt na camion zote, nitakaa kule juu ku étage nitazame barabara.

"Utatazama barabara mpaka wakati gani, Baba Muhindo?" akaniuliza. "Na hawa batu bote benye kula ku hiyo dépôt, nao batazame nini?"

Mais munuzi nilikuwa nimekwisha kumupata.

Ni mu ile wiki njo salongo ya Bungulu ilifika. Kama hauko wa huku: salongo ni kazi ya bote, kila nyumba inatoa mutu siku ya samedi, Jumamosi, kutengeneza njia ama kuzibua mitaro. Mimi niko na kiwanja Bungulu, donc ilinigusa. Na sisi benye kitu tulikuwa na namna yetu: unatuma mufanyakazi asimame mahali pako, unaongeza mbao na chakula ya batu, na bote banasema ulifika. Kila mara nilifanya vile. Hakuna mutu aliongea.

Safari hii ilikuwa kazi ya daraja, na mwenye kuongoza alikuwa Noko, maana alikuwa amehamia kule uzeeni. Mufanyakazi mwenye nilimutuma alirudi Butembo hajui aniangalie wapi.

"Patron, Noko amenikalisha juu ya jiwe. Amenipatia avoka nikule. Amesema mimi sina mahali pale, mahali ni yako."

"Mahali gani?"

"Daraja imeisha, Patron. Bameacha nafasi ya ubao moja, pale katikati. Batu banaiita Shimo ya Patron."

Nilikasirika! Kila mutu wa moto, ile pikipiki, mwenye kupita pale alikuwa anazunguka shimo na kutaja jina yangu. Bachauffeur bangu bakaleta habari: bamama ba soko banaambiana, "Angalia mama, usianguke mu Patron!" Nikachagua ubao, nikaingia mu gari, nikashuka Beni. Nilisema nitafunga shimo, nimalize na munuzi, nipumzike mbali na batu.

Noko alikuwa amekaa pembeni ya daraja, kofia mu magoti.

"Patron amefika," akasema. "Mumupe njia, asianguke mu yeye mwenyewe."

Batu bakacheka mpaka bengine bakashika tumbo.

"Noko, unanipatisha haya."

"Hapana. Jina yako tunaijua bote. Niko nangoja mikono."

Nikapiga magoti. Ubao haikuingia. Ilikuwa mbichi, imejikunja. Ubao ya dépôt yangu mimi! Kijana mumoja wa moto akapaza sauti: "Patron, rudisha kwenye ulinunua!" Noko akanipatia musumeno ya mukono. Nikavua koti yangu ya veste. Nilipoweka meno ya musumeno, akauliza na ile sauti ya Kasugho:

"Hii ni ya nani?"

Nilifungua kinywa niseme ni yangu. Nikainua macho. Ngambo ile mama mumoja alikuwa amesimama, kitunga ya mihogo ku mugongo, kamba ku paji, anangoja nimalize apite.

"Ni ya huyu mama," nikasema.

"Basi vuta." Na yeye, na uzee wake wote, akashika ubao isitingishike.

Nilikata, nikapunguza, nikapiga misumari. Mama akakanyaga ubao, akapita. Hakusema wasingya, ni kusema aksanti, hakuniangalia hata. Akapita tu, kama mahali pale hapakuwa na shimo tangu zamani. Mutoto wangu, nikuelezeje? Kitu chenye kilikuwa kimenikalia ku kifua kilishuka. Nilikaa palepale nikacheka peke yangu, na njaa ikaniuma. Kwa Noko nilikula bugali na sombe ya majani ya mihogo mpaka akaniomba nimuachie na yeye kidogo.

Munuzi nilimuambia arudie kwake. Dépôt iko. Mais leo mutu akikuja kutafuta mbao, ninamuuliza ni ya nini na ni ya nani, na mara mingi ninamuchagulia na mikono hii. Salongo ninaenda mimi mwenyewe, na mu Bungulu hakuna mwenye kupiga musumari kunishinda. Daraja ndogo za kwenda ku mashamba ya kakao, pale njia ingali inapitika, tumezitengeneza mingi. Noko hayuko tena. Mbao zingine za ile daraja bamezibadilisha, yangu hapana. Enda uangalie.

Donc sikia. Tafuta, panda, jenga étage, na kama uko na nguvu ipite yangu, mais hautaweza. Lakini mikono yako isikuwe migeni mu kazi yako, na usitume mutu pale wenzako banakungojea wewe. Siku roho itachoka katikati ya mali, usikimbilie kuuza. Uliza kwanza hii kazi ni ya nani. Ukipata mutu wa kutaja, vuta. Ukikosa, kaa chini kama Noko, mpaka mutu akuambie.

Mungu wa batata betu, baba zetu ba zamani, akupatie mikono yenye nguvu, na mutu wa kuifanyia kazi. Ulale vizuri, uamuke na njaa. Na kila daraja utakanyaga, ukute mutu alipita mbele yako, akafunga shimo.