Kitambaa Juu ya Kipimajoto

Nyumbani kwa mama, mtaa wa Kikula mjini Likasi, hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake cha kufuma, televisheni ina chake, hata jagi la maji limevishwa kofia ya uzi mweupe. Vumbi letu halina adabu, na mama hana mchezo nalo.

Mama anaugua sukari, na dawa yake ya sindano haipendi joto. Friji ipo, lakini umeme wa mtaani huja unapojisikia. Mwaka juzi dawa iliharibikia ndani ya friji iliyozimika, tukamlaza hospitali siku tisa. Tangu hapo dawa inakaa sebuleni, katika chungu kidogo kilichozungushiwa mchanga wenye maji wa kuipoza.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu aliye Ubelgiji, akatuma kipimajoto. Waya wake unaingia chunguni, uso unabaki mezani. Hakina betri. Kina utepe mwembamba kama karatasi ya peremende, uliochapwa kwa wino kama gazeti, unaotengeneza umeme kwa mwanga wa ndani tu, wa taa au wa dirisha.

Mimi nafanya kazi Lubumbashi. Kila asubuhi nilipiga simu kuuliza namba.

"Vingt-deux," alijibu mama. Ishirini na mbili. Wiki tatu nzima ishirini na mbili, nami nikafurahi kama mjinga. Kisha ikaja Oktoba, joto likapanda hadi lami ikalainika, na mama bado anasema ishirini na mbili. Nikapanda gari la Likasi, nimechemka kuliko hiyo lami.

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Juu ya kipimajoto kulikuwa na kitambaa kipya, kizuri kuliko cha televisheni. Nikakifunua. Uso ulikuwa mtupu.

"Mama, namba ulikuwa nasoma wapi?"

Akaangalia mikono yake. "Kile kintu kilikufa, mutoto yangu. Nilikuwa nasema namba ya mwisho yenye niliona. Sikupenda mudogo wako asikie kama zawadi yake iliharibika."

"Haikukufa. Iko nakula mwangaza. Weye uliifunika."

"Kintu muntu ametuma toka mbali, niiache tu wazi na mavumbi?"

Nilikuwa na maneno makali tayari, nikayameza. Nikafungua pazia. Tukaukodolea macho ule uso mtupu; niliogopa, sifichi. Namba ikaanza kuonekana kwa mbali, ikakolea: ishirini na tatu.

"Unaona?" alisema mama. "Kila asubuhi niko namwanga mayi mu mchanga, nashika chungu na mukono. Nilikuwa nabashika vile ninyi batoto kwa kipaji cha uso wakati mulikuwa na homa."

Nikampima sukari, ilikuwa sawa. Hata hivyo nilitupa chupa ile ya dawa na kununua nyingine. Ndivyo nilivyo.

Mwezi uliofuata nilikuta amefuma kitambaa kingine, chenye dirisha katikati, kipimo kamili cha uso na utepe.

Bado napiga simu kila asubuhi. Leo kumi na tisa, jana ishirini na moja. Zamani nilipenda namba isiyobadilika. Sasa nikisikia imebadilika moyo unatulia, maana najua ameamka, amefungua pazia, ameinama kuangalia.